Eda ya Bahija Mpenda Metali

Mimi ni fundi cherehani, na ulimi wangu ni mrefu kuliko uzi wangu. Naanza kwa kukiri hilo ili baadaye mtu asije akasema nilijificha. Bahija ni jirani yangu wa chini. Tumekaa nyumba moja hapa Casablanca, kichochoro cha Derb Najar, yeye ghorofa ya kwanza, mimi ya pili, na juu yetu dari la wazi tunaloanikia nguo. Ukianika nguo na mwenzio miaka kumi na minne unajua ana shuka ngapi na ipi ina kiraka. Kwa Bahija nilijua pia kwamba ana fulana nyeusi saba zenye mafuvu na maandishi ya miibamiiba, na kwamba alizianika nyuma ya mashuka ili zisionekane kutoka madari ya wenzetu. Nilizihesabu zote saba. Kumwuliza sikumwuliza.

Mwaka ninaousimulia alikuwa na miaka arobaini na moja. Mfupi, mikono minene ya kukanda, mtu wa maneno machache. Alikuwa akiuza msemen kwenye kibanda chake mlangoni mwa soko. Donge la unga unalinyoosha kwa mafuta mpaka uone meza upande wa pili, unalikunja pembe nne, unalichoma. Msemen wake nilikuwa nikiula kwa asali kila asubuhi, na nikimsema mdomo umejaa.

Chini ya kitambaa chake cha kichwa alikuwa akificha visikilizio. Alikanda huku kichwa kinaenda juu chini, juu chini, macho amefumba nusu, na wazee waliopanga foleni wakaamini anamtaja Mola. Lalla Zhor, yaani Bibi Zhor, mama mkwe wake, alijisifu soko zima. "Mkwe wangu mimi, hata mikono ikiwa ndani ya unga, moyo uko kwenye tasbihi." Watu wakasema mashallah. Mimi nilijua kinachoingia masikioni mle, maana siku moja kisikilizio kilimdondoka karibu yangu na nusura niruke.

Muziki wenyewe unaitwa hevi metali. Kama hujawahi kuusikia, ni magitaa yanayokwaruza, ngoma zinazokimbia bila kupumzika, na mwanamume anayenguruma kutoka tumboni mpaka utamani kumpelekea maji ya kunywa. Ndio huo aliokuwa akiupenda. Si kupenda kwa kupitisha wakati. Aliupenda kama mtu anavyopenda ndugu aliye mbali.

Habari zake za nyuma nimeziokota vipande vipande, kwa marehemu mama yake na kwa Driss mumewe, kwa sababu mwenyewe hakuwa msimulizi. Baba yake alikuwa kuli wa bandarini, mkali, na nyumbani kwao watoto sita walikula chakula bila kusemezana. Bahija alipofika miaka kumi na sita, msichana wa darasani alimwazima kanda. Akajifungia chumbani, akaiweka. Mama yake akasikia mwanamume ananguruma chumbani kwa binti yake, akaingia na mwiko juu. Hakukuta mwanamume. Alimkuta binti yake kakaa chini, mgongo ukutani, analia na kucheka pamoja. Wakasema ana jini. Wakampeleka kwa fakihi, akanyweshwa kombe, maji ya aya zilizooshwa, wiki saba. Kombe akanywa, na kanda akaendelea kusikiliza.

Zamani hizo walikuwa wasichana wanne mji mzima, au wanne aliowajua. Walikutana kwenye kibanda cha muuza kanda, wakabadilishana walichonacho, wakacheka. Mmoja akahamia Kanada. Mmoja akaolewa Tanja na akakata mawasiliano. Wa tatu akashika dini sana, akazitupa kanda zake baharini na akamshauri Bahija afanye hivyo hivyo. Wavulana walikuwepo wengi, lakini hapo ndipo ubaya ulipo: mvulana mpenda metali akizeeka nayo huitwa msanii, mwanamke akizeeka nayo huitwa mwendawazimu. Kwa hiyo Bahija akabaki na muziki wake peke yake, akauficha chini ya kitambaa.

Driss alikuwa dereva wa teksi nyekundu, mnene, mpole, mpenzi wa kandanda na nyimbo za zamani za mahaba. Hawakujaaliwa mtoto. Siri yao niliijua kwa bahati. Nilikuwa nimepeleka kaftani kwa mteja upande wa reli, karibu na uwanja ambapo kila Septemba vijana hufanya tamasha lao, nikaiona teksi ya Driss imeegeshwa kando ya ukuta. Yuko ndani, kiti amekilaza, anabangua mbegu za alizeti, na maganda yamejaa mapajani.

"Driss! Gari limekufa?"

"Halijafa, Lalla Miluda. Niko Settat."

"Settat wapi?"

"Kwa shangazi. Mimi na Bahija tumekwenda kumjulia hali. Ukiulizwa na mama, tumefika salama."

Nyuma ya ukuta kulikuwa na ngurumo mpaka kioo cha gari kinatetema.

"Shangazi yako leo ana kikohozi kibaya," nikamwambia.

Akacheka hadi mbegu zikampalia. Nikamwuliza kama na yeye anaupenda ule mkosi.

"Mimi? Unaniuma meno. Lakini akitoka mle ndani, Lalla Miluda, anatoka na uso wa bibi harusi. Siku ya harusi yenyewe hakuwa nao, nakuapia. Mimi nakuja kuuona huo uso." Akabangua mbegu nyingine. "Kwa jambo hili mke wangu hana mwenzake duniani. Kuingia siwezi, nitakufa. Basi angalau nakaa mlangoni."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka. Na wewe funga mdomo, nakujua."

Nikaufunga. Kati ya siri zote nilizowahi kupewa, nikaitunza ile isiyofaa kutunzwa.

Lalla Zhor alikuwa akikaa nao. Alikuwa na miaka sabini na minane, magoti mabovu, macho makali. Bahija alimwosha miguu kwa maji ya vuguvugu kila jioni na kumpaka hina nywele kila mwezi, na Lalla Zhor, kwenye sinia la kuskusi, alichambua kipande cha nyama laini kuliko vyote na kukisukuma upande wa mkwewe. Hawakuongea sana, lakini hawakukaa mbali. Baada ya mama yake mzazi kufa, Bahija hakuwa na mtu mwingine wa kumwita mama.

Basi mwaka ule, mapema, Driss alinisimamisha kwenye ngazi akiwa na furaha ya mtoto. "Wanakuja! Wale wazee wake wa metali kutoka Finlandi, wa kanda ile ya kwanza. Septemba kumi na tisa, Jumamosi. Miaka ishirini na tano anawasubiri." Alikuwa amekata tangazo gazetini na kulikunja ndani ya kitambulisho chake cha udereva. Jumanne ya tarehe kumi na mbili Mei moyo wake ukasimama kwenye kituo cha teksi, mkono ukiwa bado kwenye usukani. Walipomvua nguo walilikuta lile tangazo, wakamkabidhi Bahija pamoja na saa na funguo.

Mavazi ya eda nilimshonea mimi. Kwetu mjane huvaa nyeupe, tangu kitambaa cha kichwa mpaka soksi, miezi minne na siku kumi, na mtaa mzima unamjua kwa mbali. Mtu aliyezoea kuficha nyeusi zake nyuma ya mashuka, sasa yeye mwenyewe alifanana na shuka. Kibanda kikafungwa. Alikanda nyumbani na wateja wakaja mlangoni kuchukua. Nilishuka kila jioni kuwasalimu, na kila jioni niliona jambo moja: mikono inakanda, kichwa kimetulia. Visikilizio alivitoa mwenyewe, hakuna aliyemwambia. Wale wazee wa foleni wakasikitika kwamba huzuni imemkatisha hata tasbihi.

Kosa lenyewe nililifanya mwezi Juni, tena kwa sauti. Lalla Zhor aliniita, akaniambia, "Miluda, wewe una macho na kalamu. Nihesabie siku ya binti yangu kutoka, nataka nimwandalie." Ukutani palikuwa na kalenda ya duka la dawa. Nikaweka kidole: Mei kumi na mbili, Juni, Julai, Agosti, Septemba kumi na mbili. Ongeza siku kumi. Ishirini na mbili, Jumanne. Nikaizungushia wino mwekundu mara mbili, nikaanza kueleza kitambaa cha bluu nitakachomshonea siku ya kutoka, mikono yake itakavyokuwa, na vifungo vyake. Bahija alikuwa kwenye sinki. Aligeuka, akafungua mdomo. Mimi nilikuwa nimeshafika kwenye vifungo. Akaufunga, akarudi kwenye vyombo.

Ramadhani ikaja ikapita. Mabango ya tamasha yakabandikwa ukuta wa soko, nikasoma tarehe kumi na tisa, nikajisemea masikini, siku tatu tu. Nilimhurumia kweli. Na niseme lililo moyoni: nilipumua pia. Nilijiambia labda Mungu kampangia aachane na mambo yale, mwanamke mzima.

Septemba tukaingia kwenye pilikapilika za Idi ya kuchinja. Jumatatu ya tarehe kumi na nne tulikuwa sote madarini tukiutafuta mwezi mwandamo wa Mfunguo Tatu, mwezi wa Idi hiyo, na aliyeuona kwanza ni mimi, nikapiga kigelegele mpaka koo likakauka. Kondoo wakapandishwa juu, kila dari na wake, usiku kucha mtaa unalia mee. Ijumaa Bahija alinikuta kwenye kamba za nguo. Bado alikuwa na nyeupe zake.

"Lalla Miluda, kesho alasiri una kazi?"

"Kazi! Idi Alhamisi, nina kaftani tisa hazina mikono. Nife nikiwa nimekaa kwenye cherehani. Kwani kuna nini?"

"Hakuna. Nimeuliza tu."

Akaokota kibanio kilichoanguka, akashuka. Nami nikarudi kwenye kaftani zangu.

Jumamosi alasiri nilikuwa darini nampa kondoo maji. Nikasikia mlango wa chini, nikachungulia. Bahija katoka. Hana nyeupe hata ya kutafuta: suruali nyeusi, jilaba nyeusi, lile joho letu refu, ameiacha wazi, na ndani yake fulana ya fuvu. Ninyi mnaonisoma mna busara; mngeshuka ngazi mkamwuliza kwa sauti ya chini. Mimi niliinama ukutani nikapaza sauti yangu ile ya kuitia watoto wa watu:

"Bahija! We Bahija! Nyeupe ziko wapi? Eda bado siku tatu!"

Madirisha yakafunguka upande huu na upande ule. Muuza mnanaa kwenye kona akasimama na fungu mkononi. Na chini yangu, nikaona mkono wa Lalla Zhor unasukuma dirisha.

Bahija akainua uso, akanitazama. Hakukasirika, na hilo ndilo linalonisumbua. Alinitazama kama mtu anayesubiri umalize sentensi. Nilikuwa nimeshamaliza. Akafunga jilaba, akaenda zake kuelekea reli, mbele ya macho ya kichochoro kizima.

Alirudi usiku, mimi nimelala. Kesho yake asubuhi nikaitwa chini. Alikuwepo Abdelilah, kaka yake Driss, aliyekuja kutoka Agadir kwa ajili ya Idi. Alikaa kwenye kochi la ukutani na viatu mkononi, mtu anayetaka kuondoka. Lalla Zhor alikuwa ameketi wima. Bahija alisimama karibu na mlango wa jikoni. Alikuwa amevaa gauni la kahawia la kila siku.

"Miluda," akasema Lalla Zhor, "uliniambia eda ya huyu inakwisha lini?"

"Jumanne, Lalla."

"Na jana ilikuwa siku gani?"

"Jumamosi."

"Umemwona kwa macho yako amevaa nini?"

"Lalla, mambo ya..."

"Nimekuuliza amevaa nini."

"Nyeusi," nikasema.

Akamgeukia mkwewe. "Umekwenda kwenye zile kelele. Nimeambiwa na watu, wamekuona. Sikiliza, binti. Kelele ningekusamehe. Kila mtu ana wazimu wake, mimi mwenyewe ujanani niliruka ukuta kwenda kusikiliza masheikha, wale wanawake wa ngoma za harusi, wakiimba. Lakini siku tatu za mwanangu! Siku tatu tu zilibaki, ukashindwa kumvumilia?"

"Mama, nilihesabu," akasema Bahija.

"Ulihesabu! Ulihesabu nini? Dakika?"

Bahija akatutazama mmoja mmoja. Abdelilah aliangalia viatu vyake. Mimi niliangalia kalenda, ile duara yangu nyekundu mara mbili, nikaona kila kitu kiko wazi.

"Mwanangu angesema nini?" Lalla Zhor akalia sasa, kwa sauti. "Niambieni, Driss wangu angesema nini?"

Mtu mmoja chumbani mle, mbali na Bahija, alikuwa na jibu. Driss angesema: nipeni funguo, tutachelewa. Nilikuwa nalo ulimini. Lakini ningelisema, mama mtu angejua kwamba miaka yote ile nilimchekea usoni kuhusu shangazi wa Settat, na mimi nilikuwa na kaftani tisa na heshima yangu ya kulinda. Mimi, ambaye jana yake nilipiga kelele mpaka kwa muuza mnanaa, siku ile nilinyamaza.

Mama na mwana waliondoka kwenda Agadir Jumanne, ile Jumanne yangu, siku mbili kabla ya Idi. Abdelilah alibeba godoro la mama yake na mto wake wa mgongo. Bahija alipiga magoti mlangoni amvishe viatu, maana kwa yale magoti hakuweza kujivisha. Lalla Zhor akarudisha miguu nyuma. "Abdelilah atanivisha," akasema. Ikabidi lile jitu zima liiname, likachanganya kushoto na kulia, huku Bahija bado yuko chini kwa magoti, mikono mitupu.

Idi ile kondoo wao alichinjwa na mchinjaji wa mtaa. Bahija akagawa nyama nyumba kwa nyumba. Wengine walipokea, wengine walisema wanayo ya kutosha, na siku ya Idi hakuna anayesema anayo nyama ya kutosha isipokuwa anakutukana. Kibanda alikifungua tena. Wateja walipungua kidogo, si sana. Watu wana maadili, lakini pia wana njaa asubuhi. Kichwa kikaanza tena kwenda juu chini. Hakuna aliyesema mashallah.

Nilikuwa nikimsikia kutoka juu. Zamani chini palikuwa na sauti za nyumba: Lalla Zhor anakohoa, anaita, redio ya Driss inatangaza mpira. Sasa alikuwa peke yake, mwenye nyumba, angeweza kuufungulia muziki wake kwa sauti mpaka vikombe vyangu vianguke. Nilitega sikio jioni nyingi. Hakufungulia. Palikuwa kimya, maji ya sinki, kisha kimya.

Mwishoni mwa Oktoba alikuja kwangu Ustadha Sfia, anayefundisha Kurani wanawake msikitini. Dada yake amefiwa na mume, akaleta kitambaa cheupe. Nilipokuwa nampima nikajitia ujuzi, nikamwuliza mume kafa lini, nikahesabu kwa vidole, nikamtajia siku ya kutoka.

"Hiyo ni kwa mwezi gani?" akaniuliza.

"Kwani miezi iko mingapi? Februari, Machi..."

"Miluda, Februari ni ya kulipwa mshahara. Eda ni ya mwezi wa mbinguni. Hilo hata wewe unalijua."

Nilikuwa nalijua! Sote tunalijua, kama tunavyojua kwamba sukari inaua na bado tunatia vijiko vitano. Tunafunga kwa mwezi, tunachinja kwa mwezi, tunapanda madarini kuutafuta na vigelegele juu. Kisha akifa mtu tunatazama kalenda ya duka la dawa. Ustadha alipoondoka nilikaa kwenye cherehani nikahesabu. Driss alikufa ishirini na tatu Rajabu. Miezi minne: ishirini na tatu Mfunguo Pili. Siku kumi: tarehe tatu Mfunguo Tatu. Na mwezi wa Mfunguo Tatu niliuona mimi mwenyewe, Jumatatu, kondoo mashahidi. Tarehe tatu ilikuwa Alhamisi.

Eda ya Bahija iliisha Alhamisi. Ijumaa aliponiuliza kama nina kazi, nadhani akitafuta wa kumsindikiza, alikuwa na nyeupe mwilini kwa hiari yake, kwa kuwastahi watu wasiojua kuhesabu. Jumamosi alikuwa mwanamke huru mbele ya Mungu, na mimi nikamzomea kutoka darini.

Nilimpigia simu Lalla Zhor siku ile ile, kabla ujasiri haujanitoka. Nilisema yote, hesabu na mwezi. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kujivua nguo, nikasema na ya teksi, na mbegu za alizeti, na shangazi wa Settat.

"Kwa hiyo Driss alijua," akasema. "Na wewe ulijua. Na yeye alijua siku zake. Mimi peke yangu miaka yote nilikuwa namwombea dua mgonjwa wa Settat."

"Lalla, rudi nyumbani. Hana kosa."

"Najua hana kosa, umeshaniambia. Nyumba ya watu watatu, wawili wananificha, nirudi kukaa na nani?" Sauti yake haikuwa na hasira. "Mwambie nimesikia," akasema, akakata.

Kesho yake asubuhi nilikwenda sokoni mapema, wateja hawajaja. Bahija alikuwa ananyoosha donge. Aliponiona alitoa kisikilizio kimoja. Nilisimama mbele ya kibanda chake, mtu mzima wa miaka hamsini na saba, nikamwambia: nilihesabu vibaya, ni kosa langu, nimempigia mama mkwe wako, amesema amesikia.

"Amesema amesikia tu?"

"Hivyo tu."

Akaitikia kwa kichwa. Akakunja pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, akauweka kwenye chuma cha kuchomea.

"Bahija, na wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ile uliyozungusha wino."

"Sasa mbona hukusema? Siku ile mbele ya watu, si ungetuambia umehesabu kwa mwezi!"

"Nilisema nimehesabu." Akageuza msemen. "Nikangoja mmoja wenu aniulize vipi."

Sikuwa na pa kutia uso. Mafuta yalikuwa yanatiririka chumani, na nyuma yangu mzee wa kwanza wa foleni alikuwa anakuja na fimbo yake. Miaka kumi na minne, fulana saba, na sijawahi kumwuliza mwanamke yule swali hata moja ambalo si la bei ya mnanaa. Nikaona nikiondoka vile sitarudi tena.

"Basi nakuuliza sasa," nikasema. "Siku ile uwanjani. Wale wazee wako wa Finlandi. Ilikuwaje?"

Alisimamisha mikono. Akaniangalia aone kama namtania, akaona simtanii. Uso ukaanza kumfunguka, nikaona mara moja alichokuwa Driss akikisubiri nje ya ukuta. Akavuta pumzi. Akafungua mdomo, akabaki hivyo, mdomo wazi, macho yananitazama na yananipita, akitafuta. Msemen ukaanza kuungua na hakuugeuza.

"Samahani, Lalla Miluda," akasema baadaye, taratibu. "Sijui inasemwaje. Sijawahi kumwambia mtu."